Kumfuata Walii Aliyealikwa Kama Mgeni

Mmenichosha kwa maswali kuliko nilivyochoshwa na njia. Kila nikitoka msikitini yupo wa kunishika kanzu: "Mbwana, hebu tueleze, ilikuwaje hata ukarudi Mtongwe wasukuma mkokoteni na mzee juu yake?" Nikimweleza mmoja, kesho nasikia kisa changu mwenyewe kimeongezwa chumvi hata sikitambui. Basi leo nimekaa kibarazani kwangu, miguu nimeitia kwenye karai la maji ya moto, naandika. Ajuaye kusoma asome, asiyejua asomewe, kisha mniache nipumzike.

Na kwanza niseme hili. Ninyi nyote mliniambia Jomvu ni karibu. "Ni matembezi tu hayo, Mbwana, njia yenyewe tambarare." Wallahi, aliyesema hivyo namkumbuka kwa jina, na siku moja nitampeleka kwa miguu yake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwanakombo ni mtoto wa dadangu. Babake, Salim wa Jomvu Kuu, alifariki mtoto ana miaka mitatu. Dadangu naye hakukaa sana, akamfuata mumewe. Mimi na mke wangu Zena ndio tuliomlea. Homa zake nazijua, kilio chake nakijua, najua kwamba hali papa hata umfanyie nini. Lakini kwa sheria mjomba hawezi kuoza. Wa kuoza ni mtu wa upande wa baba, na upande huo Mwanakombo amebakiwa na mmoja tu, ami yake, Khamisi, nduguye Salim. Huyo ndiye walii. Bila idhini yake hapana nikaha, hata ukichinja ng'ombe kumi.

Lau Khamisi angekuwa Lamu, kadhi angesimama mahali pake, maana Lamu ni mbali. Jomvu ni mwendo wa nusu siku, na sheria haimruki mtu aliye karibu hivyo. Kwenda kumshitaki kwamba amekataa nako ni aibu ya ukoo mzima, tena ni kazi ya wiki nyingi. Sisi wiki hatukuwa nazo. Bwana arusi, Rashidi, ni mtu wa reli, likizo yake ilikuwa yaisha Jumapili, arudi Kisumu. Na vita hivi, nani ajuaye likizo nyingine itatoka lini? Nikaha ilikuwa iwe Ijumaa, baada ya alasiri.

Kosa nililifanya mimi. Bi Mishi ndiye mwalishi tuliyempa kazi ya kualika, na mwamjua Bi Mishi, mwanamke yule akishafunga leso yake na kutia tambuu mdomoni hasimami mpaka amalize milango yote. Nilimtajia majina, na la Khamisi nikalitia. Nia yangu ilikuwa nende mwenyewe kwanza, nimwombe idhini, Bi Mishi afuate baadaye kwa ajili ya wanawake wa nyumba ile. Lakini nilikuwa na muhogo shambani, nikasema nitakwenda kesho, na kesho yake nikasema vivyo hivyo. Bi Mishi yeye hakungoja. Alifika Jomvu, akabisha, akasema yale aliyoyasema kila mlango: "Mwaalikwa harusi Ijumaa kwa Bwana Mbwana wa Mtongwe. Mje mapema msikose nafasi."

Msikose nafasi! Mwenye harusi haalikwi, jamani. Mwenye harusi huendewa, huketiwa, huulizwa: mtoto wako ametakwa, wasemaje? Kumwalika walii ni kumwambia mtoto si wako, njoo ule wali ushike njia. Jumanne jioni Bi Mishi akarudi na jibu. "Bwana Khamisi asema, mwambie Mbwana nashukuru kwa mwaliko. Nina udhuru."

Mtongwe hadi Likoni

Jumatano nilitoka baada ya alfajiri. Zena alinitolea kanzu yangu ya Idi. "Wenda kuomba radhi," akasema, "usende na nguo ya shamba." Akanipa kikapu kina mkate wa sinia, tambuu zilizofungwa vizuri, na kuku mzima, maana mtu hendi kuomba radhi mikono mitupu. Mchele wa mkate ule alikuwa ameufichaficha tangu kuanza mgao.

Mwanakombo alikuwa ndani, biarusi, hatoki. Nilipokuwa navaa makubadhi yangu akanisemesha nyuma ya pazia.

"Mjomba."

"Naam, mwanangu."

"Asipokubali?"

"Atakubali."

"Mbona hanijui?"

Nikasema nitachelewa feri, nikatoka.

Njia ya Mtongwe hadi Likoni mwaijua, sina haja ya kuieleza. Minazi, mchanga, maamkizi. Hayo maamkizi ndiyo yaliyoniua. Kila nyumba nimjibu mtu hali yangu, ya Zena, ya biarusi, na kila mtu ananiuliza ami yake atakuja saa ngapi. Nikawa najibu, "Yuwaja, inshallah," huku nimeinamisha uso. Nilipofika Likoni jua lilishapanda, na feri ikazuiwa ili malori ya jeshi yavuke kwanza. Yalikuwa mengi. Tukasimama juani watu na mbuzi na matenga ya maembe, hata ikafika zamu yetu, tukaingia kwa kusukumana. Kikapu nikakitia chini ya ubao wa kukalia kisikanyagwe.

Mwisho mwaujua. Kushuka kwenyewe kulikuwa kwa kusukumana vilevile, na mimi nilikuwa nawaza maneno ya kumwambia Khamisi. Nimeshavuka mji wote, nimefika Makupa, ndipo nilipouona mkono wangu mtupu. Nikasimama pale kando ya njia nikacheka peke yangu kwa uchungu. Kurudi feri ni saa nzima, na kuku wa watu hangojei saa nzima bila kupata mwenyewe. Nikaendelea mikono mitupu. Kumbukeni hilo la mikono mitupu, maana ndilo lililoniponza.

Makupa hadi Changamwe

Pale Makupa njia imejengwa juu ya maji, reli upande mmoja na barabara upande mwingine, na hapana kivuli hata cha kuficha kofia. Malori yanapita, vumbi linakuingia puani, na kanzu nyeupe inageuka rangi ya chai. Katikati ukanda wa kubadhi la kulia ukakatika. Nikaufunga kwa uzi nilioung'oa pindoni mwa kanzu, ikawa kila hatua hamsini nainama kukaza. Watu wa malori walinipungia mkono. Sikuwarudishia.

Changamwe ilikuwako kabla ya reli, na wazee wake hupenda kukwambia hivyo. Kuna makaburi ya mawe katikati ya mashamba, na njia za miguu zipitazo baina ya mikorosho, nyembamba, zimelainishwa na nyayo. Mimi nilizijua tangu zamani, nikataka kukata njia. Nikatembea mpaka nikakutana na seng'enge za jeshi, na askari wa bara amesimama na bunduki.

"Hapana njia hapa, mzee."

"Njia ipo, mwanangu, hiyo waikanyaga."

"Zamani ilikuwa njia. Sasa hapana. Zunguka."

Nikazunguka. Kuzunguka kwenyewe kulinila saa nzima, nikapanda kilima ambacho sikuwa na haja nacho, nikakishuka. Nilipotokea barabarani tena nilimchukia askari, nikamchukia Bi Mishi, nikamchukia na Khamisi, na zaidi ya wote nikauchukia muhogo wangu ulionizuia shambani.

Hapo kando ya barabara palikuwa na mama auzaye muhogo wa kuchoma, kwa chumvi na pilipili ya kusaga. Nilikaa juu ya jiwe nikala kipande, nikashindwa kumaliza kwa uchovu. Jirani yangu alikuwa mtu wa Rabai, kibarua bandarini, Mkristo, jina lake Yohana, amepewa siku chache kwenda kuona kwao. Alikuwa na furushi begani na uso mwema. Akanikaribisha maji yake ya kibuyu.

"Baba, waenda wapi na jua hili?"

"Jomvu Kuu. Kwa Bwana Khamisi, yule wa karibu na msikiti wa zamani."

"Namjua. Mimi napita hapo pwani kwake kuchukua mtumbwi wa Rabai. Kwema?"

Nikashusha pumzi. "Nina neno zito la mtoto wa nduguye. Limetoka Likoni, na siwezi kulisema njiani."

Yohana akanitazama. Aliona kanzu ya Idi ya mtu asiye kazini, siku ya katikati ya wiki, mtu mzima peke yake, hana hata kifurushi, muhogo umemshinda. Watu wa pwani wanajua mtu wa namna hiyo amebeba nini. Mpeleka habari ya msiba hachukui kitu, hali, na hasemi neno mpaka afike kwa mwenyewe. Akavua kofia yake.

"Mungu ampumzishe, baba. Mtoto mkubwa?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nililitambua kosa lake, siwafichi, nililitambua pale pale. Lakini kulirekebisha kulitaka maelezo, na maelezo yalimtaka Bi Mishi, na walii, na mwaliko, na mimi ulimi ulikuwa mzito kama miguu. Nikamwambia tu, "Mkubwa. Wa kuolewa." Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Nikadhani mambo yamekwisha hapo.

Mikindani hadi Jomvu Kuu

Tulifuatana mpaka Mikindani, yeye mbele na mimi nyuma. Yohana alikuwa mwepesi, akanisubiri mara tatu. Mara ya nne nikamwambia atangulie, mimi nitaswali adhuhuri na kujinyoosha kidogo. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaenda zake.

Kujinyoosha kidogo kulikuwa usingizi mzito ukutani mwa kijumba cha swala. Niliamka jua limeshageuka.

Kutoka hapo njia inaiacha barabara na kuteremka kwenye hori, ule mkono wa bahari, na kama mtu hana haja, ameondoka nyumbani mapema na viatu vyake vizima, wallahi ni matembezi mazuri. Waenda baina ya mashamba ya mihogo na kunde, mchanga mwekundu unageuka mweupe, kisha waona maji baina ya mikoko, yametulia. Unapita visima vya zamani na kuta za mawe zilizoanguka ambazo hapana ajuaye nani alizijenga. Wanawake wanafua, wanakuamkia. Mimi nililiona lote hilo kama mtu anayetazamishwa nguo dukani na hana haja ya nguo. Kubadhi lilikatika tena, nikalitia kwapani, nikaenda na mguu mmoja mtupu.

Nikashangaa kitu kimoja. Wale wanawake wa kisimani, badala ya kuniuliza nitokako, walinyamaza. Mmoja alijifunika uso kwa leso.

Jomvu Kuu

Vilio nilivisikia kabla sijaiona nyumba. Nikasema moyoni, lahaula, Khamisi amekufa, na nikaha yetu imekwenda naye. Nikatupa kubadhi nikakimbia, mtu wa umri wangu. Uani wanawake wameketi mikekani, na mkewe Khamisi, Mwanasiti, amefunga kichwa. Kuniona tu akainuka na kunishika mabega.

"Shemeji, mwanetu! Mwanetu Mwanakombo! Amekufa na nini?"

"Nani amekufa?"

"Mwanakombo!"

"Mwanakombo yuko ndani apakwa hina!"

Kisha mwanamke mmoja akacheka, mwingine akalia zaidi, na Mwanasiti akanipiga kifuani ngumi mbili. Hakunipiga pole pole. Kumbe Yohana alipopita kuchukua mtumbwi alifanya ambavyo mtu mwema yeyote angefanya. Aliingia akawapa pole, ili nitakapofika nisipate taabu ya kulisema mwenyewe.

"Na Khamisi yuwapi?" nikauliza.

Mwanasiti akaketi. Khamisi hakuwako. Tangu ule mwaliko wetu alikuwa amenuna, Jumanne ile ile akajipakia mtumbwini akaenda Kisauni kwa binti yake, ili Ijumaa isimkute karibu. Na mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, alichomwa na mwiba wa samaki taa alipokuwa akivua, ukavimba mpaka gotini. Kisha akaniambia lile lililonivunja. Yohana alipoeleza msiba, walimpeleka mtu kwa mtumbwi upesi, maji yangali yamejaa, akampashe habari Khamisi.

"Basi nipe mtumbwi nimfuate sasa hivi!"

"Maji yashatoka, shemeji. Tazama."

Nikatazama. Pwani palikuwa tope tupu, na vijitundu vya kaa. Hapana chombo kitakachovuka hadi maji ya alfajiri.

Walinipa wali wa nazi na samaki wa kupaka, chakula walichokianza kwa ajili ya matanga. Kilikuwa kitamu na sikukimeza. Nilikuwa nawaza mtu mmoja ng'ambo ya maji, ambaye usiku mzima angekaa akijua kwamba mtoto wa marehemu nduguye amekufa, na kwamba neno la mwisho alilompelekea lilikuwa nina udhuru. Hilo nililifanya mimi, kwa uvivu wa kusema maneno matano kando ya barabara. Niliona haya, na haya yenyewe bado ninazo ninapoandika.

Junda hadi Kisauni

Mvushaji alikuwa mtu wa maneno machache, jambo nililomshukuru kwalo. Alinitua Junda jua likichomoza, juu ya mizizi ya mikoko, nikazama topeni mpaka magotini, na kanzu ya Idi basi tena. Mwanasiti alikuwa amenipa makubadhi ya Khamisi. Yalikuwa makubwa, yakanichubua visigino.

Kutoka Junda njia yakata mashamba kwenda Kisauni. Sikuwa nimekwenda mbali. Penye mnazi ulioanguka palikuwa na mzee ameketi, fimbo mkononi, mguu mmoja umefungwa matambara, na mwanamke amesimama karibu naye amsihi arudi nyumbani. Mzee alikuwa Khamisi na mwanamke alikuwa Saumu, binti yake. Alikuwa ametoka na giza la alfajiri kwa mguu ule, akitaka kufika Jomvu, na kutoka Jomvu aje Likoni. Sikumwona miaka mingi. Alikuwa amezeeka sana, na macho yalikuwa mekundu.

Hakunipa hata salamu. "Mmeshamzika?"

"Bwana Khamisi…"

"Nimekuuliza, mmeshamzika bila mimi?"

"Mtoto yu hai. Yu mzima. Yule mtu alinidhania vibaya njiani, na mimi nilichoka nikamwacha. Mtoto yu hai, wallahi."

Kisha akainua fimbo akanipiga nayo paja, kisha bega, na Saumu akawa anapiga kelele, na mimi nimesimama tu, maana niliona ni haki yake. Baada ya hapo fimbo ikaanguka, akafunika uso, akalia kwa sauti. Nami nikaketi juu ya mnazi ule kando yake, nikalia pia, kwa uchovu na kwa haya na sijui kwa nini tena.

Alipopata sauti akasema, "Nilikuja kwako mara mbili kumwona. Mara mbili, Mbwana. Ukanitandikia mkeka, ukanipa kahawa, mtoto akaletwa akaniamkia, akarudishwa ndani. Kama mgeni. Salim hajakauka kaburini ulimpakia dadako na mtoto kwenye feri, na mimi hukuniuliza. Na sasa wanitumia mwalishi."

Yote yalikuwa kweli. Miaka yote ile nilikuwa nikisema Khamisi hana habari na mtoto, na nimelisema hilo hata mbele ya mtoto mwenyewe, mpaka akaniuliza mbona hanijui. Nikamwambia, "Nimekukosea. Nimekuja kuomba radhi, na nimekuja kuuliza. Mtoto wako ametakwa. Wasemaje?"

Akamwambia Saumu, "Tupe chai."

Kisauni

Nyumba ya Saumu ilikuwa karibu, na mumewe, Juma, ni mchukuzi wa nazi kwa mkokoteni. Tulikunywa chai, tukala mbaazi za nazi, na ndipo Khamisi akauliza habari za kijana. Mtu wa wapi? Mtoto wa nani? Yuaswali? Nikajibu lote. Akaulizia mahari, akaulizia kama mtoto mwenyewe amependa. Nikasema amependa. Alhamisi yote ilipita hivyo, aniuliza, anywa chai, aniuliza tena, na mimi nahesabu saa za Rashidi. Baada ya alasiri akasema, "Basi. Nimeridhika."

Nilitaka kuruka, lau si magoti. Nikamwambia, "Mguu huo hautakufikisha. Hebu niwakilishe hapa, unifanye wakili wako mbele ya Juma na jirani yake wawe mashahidi, nikamwoze kwa niaba yako. Wewe upumzike."

Akawaka. "Nikuwakilishe! Watu wa Mtongwe waseme Khamisi alitafutwa, akaona uvivu, akatuma neno kama ulivyonitumia wewe? Hapana. Nitakwenda mwenyewe wanione."

"Kwa mguu gani?"

"Kwa mguu wa Juma," akasema.

Kisauni hadi Mtongwe

Ijumaa alfajiri tulimweka Khamisi juu ya mkokoteni, juu ya magunia, mguu umeinuliwa. Juma alishika mbele, mimi nikasukuma nyuma. Mpaka daraja la Nyali njia ni mchanga, na gurudumu katika mchanga ni adhabu. Khamisi alikuwa akitupa amri. "Kushoto, shimo! Pole pole, mnaniua! Mbwana, wasukuma au wajiegemeza?" Nilikuwa najiegemeza.

Darajani tukasimamishwa tena kwa malori ya jeshi. Mjini tuliswali Ijumaa, nikasinzia wakati wa hotuba, Mungu anisamehe. Watu wa mjini wakadhani tunampeleka mgonjwa hospitali, wakawa wanatupisha na kutuombea dua, na kila mmoja nilimsimamisha nikamweleza, hapana, twenda harusini. Nilimweleza kila mmoja, mpaka Juma akaniambia, "Mzee, tutafika lini?"

Feri ilikaa sana ng'ambo. Nilitazama jua, nikamtazama Khamisi, naye akanitazama. Tulipovuka alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa, na kutoka Likoni hadi Mtongwe, njia ile mliyosema tambarare, ina milima minne. Niliihesabu.

Msikitini

Mlikuwako wengi wenu, mliona tulivyoingia. Kanzu yangu tope mpaka kiunoni, makubadhi ya watu, jasho. Rashidi alikuwa ameshikwa mkono na babake, asiondoke kwa wasiwasi. Khamisi alikataa kubebwa. Aliingia kwa fimbo yake na bega la Juma, akaketi mbele, na kila mtu akamwona, kama alivyotaka.

Shehe akauliza, "Walii ni nani?"

"Ni mimi," Khamisi akasema kwa sauti ya msikiti mzima. "Khamisi, ami yake, ndugu wa baba mmoja na Salim. Nimeridhika na kijana na nimeridhika na mahari." Akaninyooshea fimbo. "Na kumwoza, namwakilisha huyu Mbwana, aliyemlea. Mashahidi nyote mmesikia."

Nilimgeukia. Nilimsukuma mzee huyu kutoka Kisauni, mchanga na daraja na feri na milima, na uwakala ule ule niliomwomba jana nikatukanwa! Nikamnong'oneza, "Si ungenipa kule?"

"Kule nani angeniona nakupa?" akasema. "Mshike mkono kijana, watu wangoja."

Nikamshika Rashidi mkono. Shehe akanitamkia maneno, nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Akayarudia. Ikatoka nusu. Miaka yote hiyo nimemwita Mwanakombo mwanangu, na sikuwahi kuwa na ruhusa ya kusema neno lolote juu yake ambalo sheria ingelisikia. Khamisi alinitia mkono mgongoni, ule wa fimbo. Mara ya tatu nikasema, wazi, mkasikia hata ninyi wa mlangoni: "Nimekuoza Mwanakombo binti Salim, kwa uwakala wa ami yake Khamisi."

Rashidi akakubali. Mengine yote mwayajua, maana wali mliula ninyi. Mimi nililala palepale msikitini kabla sinia haijafika, na nilipoamka mliniambia kwamba Khamisi ameingizwa ndani kwa Mwanakombo, ameketi naye tangu magharibi, na hataki kutoka. Nikawaambia mwacheni.